Gari la Betri na Zamu ya Mama

Mjukuu wangu amenunua pikipiki ya umeme. Juzi aliileta mpaka uani nikiwa nachambua maharage, akaizungusha mara mbili, kisha akasimama mbele yangu akitabasamu kama aliyeleta cheti cha shule. Akaniuliza kama nimesikia chochote. Nikamwambia sijasikia. Akasema huo ndio uzuri wake, akaanza kunihubiria habari za kelele na moshi na dunia inavyoharibika. Nilimwacha amalize, nikampa chai, lakini hasira iliyonipanda ilinifanya nichanganye maharage mazuri na mabovu kwenye ungo mmoja. Si kosa lake. Yeye hajui kwamba chombo cha kwanza cha umeme nilichowahi kukiona kikitembea barabarani kilikaribia kumpokonya mama yangu shamba, na kilifanya hivyo kwa kile kimya anachokisifia.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, miaka michache baada ya vita. Tulikaa juu ya Maji ya Chai, upande wa mlimani, na juu yetu kulikuwa na shamba la mzungu aliyefuga ng'ombe wa maziwa. Kila asubuhi maziwa yake yalishushwa kwa lori hadi kwenye jukwaa la mbao kando ya barabara kuu, ambako gari jingine liliyachukua kuyapeleka Arusha mjini. Lori lenyewe lilikuwa la jeshi, limestaafu vita lakini halikustaafu makelele. Bomba la moshi lilikuwa limetoboka. Likishuka lilikohoa na kupasuka kama mahindi kikaangoni, likipanda liliguna kwa gia ileile moja mpaka unalionea huruma. Sisemi lilikuwa zuri. Liliamsha watoto wachanga na kutawanya kuku, na mwalimu wa kanisa alilazimika kunyamaza katikati ya sala ya asubuhi mpaka lipite, ndipo aendelee na Baba Yetu. Moshi wake ulining'inia kwenye migomba hadi umande ukauke. Mtu angeniuliza siku zile, ningemwambia liporomoke korongoni tupumzike.

Lakini lori hilo ndilo lililokuwa saa yetu.

Sisi wa mlimani tunaishi kwa mifereji. Maji yanachepushwa mtoni huko juu, yanatembezwa ubavuni mwa mlima kwa mtaro wa udongo, na yanafika kwenye migomba na kahawa ya kila nyumba kwa zamu. Mfereji wetu ulikuwa na nyumba sita, na kila nyumba ilikuwa na siku yake. Jumapili maji yaliachwa yaende bwawani kwa ajili ya mifugo, hakuna aliyeyagusa. Kugawana siku hakukuwa na shida. Shida ilikuwa siku inaanza lini na inagawanyika wapi, maana hakuna aliyekuwa na saa. Zamani walipima kwa jua, lakini Meru ni mlima unaojifunika. Kuna miezi unaamka kwenye ukungu na kulala kwenye ukungu, na kila mtu analiona jua mahali panapomfaa yeye. Baba yangu alizikwa na kovu la jembe sikioni, alilolipata kwenye ubishi wa jua. Kwa hiyo wazee walipokubaliana kwamba siku ianze lori likishuka na igawanyike lori likirudi, hata mimi niliyekuwa mtoto niliona wamepata akili. Lori halina ukoo, alisema mzee wa mfereji, aliyesimamia zamu. Halimpendelei mtu, na hata aliye bondeni analisikia.

Walio bondeni tulikuwa sisi. Siku yetu ilikuwa Jumatano, ila haikuwa yetu peke yetu. Ilikuwa siku ya nyumba ya babu, na babu aliwagawia wanawe wawili shamba: baba yangu akapata chini, bondeni, na mdogo wake akapata juu, kando ya barabara. Baba alipofariki mama alibaki na nusu ya Jumatano. Tangu lori lishuke asubuhi mpaka lirudi kwenye saa sita, maji yalikuwa yake. Kuanzia hapo mpaka jioni yalikuwa ya baba mdogo. Kufungua kabla lori halijashuka kulikuwa wizi, kwa kuwa maji ya usiku yalikuwa na mwenyewe. Kutofungua mpaka lori likarudi kuliitwa kulala, na kulala kulihesabiwa. Ukilala zamu tatu, mfereji umekusahau, na nafasi yako anapewa mwingine.

Mwaka huo mama alikuwa amepanda kahawa. Mtu wa mbali anaweza asielewe uzito wa jambo hilo. Shamba la mahindi la mjane ni mahindi tu. Yakishavunwa ardhi iko wazi, na shemeji anaweza kusimama ukingoni akaomba kuiazima msimu mmoja, na msimu huo hauishi. Kahawa ni mkaaji. Kahawa ikishika, aliyeipanda ameshika. Baba mdogo alilijua hilo vizuri. Alipoona miche imepangwa kwenye mashimo, kila mmoja umetengenezewa kivuli chake cha majani ya mgomba, alimwambia mama kwa upole kwamba anajichosha bure. Mama alimjibu kwamba kuchoka ameshakuzoea. Lakini mche mchanga wa kahawa hausamehe. Kiangazi kile, kukosa maji wiki mbili tatu kulikuwa kufa, na miche ikifa shamba lilikuwa linarudi kuwa ardhi ya kuazimwa. Maisha yetu yote yalikuwa yamening'inia kwenye hiyo nusu ya Jumatano.

Ndipo yule mzungu akaleta gari la betri.

Hakuna aliyetuambia. Kwa nini atuambie? Gari lake, maziwa yake, na hata barabara aliiita yake. Baadaye tulikuja kusikia kwamba mke wa bwana alikuwa anaumwa kichwa na hakulivumilia tena lori, na kwamba huko kwao maziwa hupelekwa majumbani kwa vigari vya namna hiyo ili watu waendelee kulala. Kilikuwa kigari cheupe, kifupi, chenye pua bapa, na betri zimejazana chini ya sakafu. Hakikukohoa wala hakikuguna. Ukisimama kando yake kabisa ulisikia mvumo mwembamba, kama mbu aliye chumba cha pili, na vyombo vya maziwa vikigusana. Ukirudi nyuma hatua ishirini, husikii kitu. Na honi ilipigwa marufuku kwa ajili ya kichwa cha mke huyo wa bwana. Dereva, Mchaga wa Machame aliyekuwa akivaa kofia yake kama afisa, aliambiwa akipiga honi hata mara moja atarudi kwao kwa miguu.

Jumatano hiyo mama aliamka kabla ya jogoo kama kawaida yake. Alikaa juu ya jiwe karibu na gogo la mgomba tulilozibia maji, jembe mapajani, akasikiliza. Nilikuwa binti wa miaka kumi na minne, nimemaliza darasa la nne, na nilimpelekea uji nikakaa naye. Tulisikiliza wote wawili. Tulisikia trekta la Mgiriki likianza kazi njia ya Makumira, tukasikia basi la Moshi likibadilisha gia karibu na daraja, na mama alivitaja vyote kwa sauti zake kama mtu anayetaja majirani. Lori la juu halikusikika. Mama akasema litakuwa limeharibika, na wazee watamtuma mtu kutuambia la kufanya. Hatukufungua. Kufungua bila lori ni wizi, na mjane akiiba maji hapati wa kumtetea. Asubuhi nzima tulikaa tukitazama maji yetu yakipita mbele ya gogo, yakienda bwawani bila kazi. Kwenye saa sita mtaro ukakauka ghafla, na hapo tukajua kwamba huko juu baba mdogo amefungua kwake.

Mama alipanda mlima bila kuvaa kitambaa chake kichwani, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Baba mdogo alikuwa amesimama katikati ya maji, ametulia. Alisema gari limeshuka alfajiri na limerudi sasa hivi, ameliona kwa macho yake mawili, jeupe hivi, jipya, zuri. Mama akamuuliza mbona aliliona likishuka asimwambie. Akajibu kwamba alidhani wenye zamu wako macho.

Jumatano iliyofuata tulijipanga. Nilikwenda barabarani giza halijatoka vizuri, nikakaa juu ya ukingo, na makubaliano yalikuwa kwamba nikiona kile kigari nipige ukelele mama asikie bondeni afungue. Nilikaa. Jua lilitoka, kama unaweza kuliita jua, maana ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye kahawa. Walipita akina mama na mizigo ya majani, wakapita wanafunzi, ikapita punda. Kigari hakikupita. Kilikuwa hakijashuka kabisa. Baba mdogo alitoka na jembe lake begani, akatazama juu kwenye ule ukungu kama mtu anayesoma barua, akatangaza kwamba ni saa sita. Nilimsalimu, shikamoo baba, nikamwambia kwa adabu zote kwamba gari halijashuka, kwa hiyo zamu ya mama haijaanza, itakwishaje?

"Jua halingoji gari, mwanangu," akanijibu, akafungua maji.

Wiki moja kabla, gari lilikuwa limepita na jua halikuwa na maana. Leo gari halijapita na jua ndilo hakimu. Nilitamani kumrushia tope usoni. Nilikuwa binti wa kufundishwa na kupakwa mafuta ya kipaimara mwaka unaofuata, kwa hiyo nilikaa kimya, na kimya hicho bado kinaniwasha mpaka leo. Kigari kilishuka alasiri, polepole, kikapita mbele yangu kama kinaomba radhi, na dereva alinipungia mkono.

Kulikuwa na jambo la pili lililomsumbua mama. Hata maji yenyewe yalikuwa yamepungua. Mtaro uliokuwa ukinifika katikati ya muundi sasa haukufunika vifundo vya miguu. Kesho yake nilipanda kuufuata mfereji mpaka chanzo, na kabla sijafika mtoni nilisikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia pale. Kilikuwa mngurumo mzito usiopanda wala kushuka, na nilipoweka mkono kwenye mwamba, mwamba ulikuwa unatetemeka. Juu ya maporomoko watu wa mzungu walikuwa wamejenga ukuta wa saruji, bomba nene la chuma limetoka hapo likishuka mpaka kwenye kibanda cha mabati, na ndani ya kibanda gurudumu la chuma lilikuwa likizungushwa na maji, mkanda unapiga, mabati yanagonga. Ndege wote walikuwa wamehama. Nje ya kibanda alikaa yule dereva juu ya chombo cha maziwa, akingoja.

Nilimsalimu, akaitikia, lakini ilibidi tuzungumze kwa kupiga kelele sikioni. Nilimuuliza anangoja nini. Akanieleza kwamba anangoja betri za kigari zishibe umeme unaotengenezwa na gurudumu lile. Mto ukiwa mdogo gurudumu linazunguka polepole, na betri zikichelewa kushiba gari linachelewa kushuka, siku nyingine asubuhi, siku nyingine mchana, hakuna ajuaye. Nikamuuliza maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Akanionyesha kwa kidole, bila hila yoyote. Yanaingia pale juu ya ukuta, yanapita kwenye gurudumu, yanarudi mtoni pale chini. Kati ya pale juu na pale chini ndipo ulipokuwa mlango wa mfereji wetu, na mto mahali hapo ulikuwa mawe yaliyolowa.

Nilisimama pale, na nikaelewa, na nadhani nilikuwa mtu wa kwanza katika mlima ule kuelewa. Wanasema gari la umeme halina kelele. Ni uongo. Lina kelele, ila limeiacha nyumbani kwa mtu mwingine. Lori lilikuwa na ujinga wake lakini lilikuwa na uaminifu: lilichokula lilikibeba, lilichotapika lilikitapika mbele za watu, na kila mmoja alijua limepita, na hata aliyelichukia alipata kitu kwa kulichukia. Kigari kile kilipita kwetu kimenyamaza kama mtakatifu, na kelele zake zote zilikuwa zimefungiwa kibandani, zikisagwa kwa maji ya mama yangu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo nilikuwa nausikia kwa miguu.

Nilirudi nikamweleza mama. Alikwenda kwenye miche, akaanza kuigusa mmoja mmoja, na niliona majani yake yameanza kukunjamana kama masikio ya mbwa mgonjwa.

Jumamosi kikaitishwa kikao cha mfereji. Kikao kilifanyika palepale kwenye majani, karibu na mahali mfereji unapogawanyika, wanaume mbele, wanawake nyuma. Lazima nieleze hapa desturi yetu ya siku hizo, na ninaieleza kwa meno yaliyokazwa. Mwanamke hakusema kwenye kikao cha mfereji. Akisema, nyumba yake inatozwa faini ya mbuzi. Kama ana neno, linasemwa na mwanamume wa nyumba yake, na kwa mjane mwanamume huyo ni ndugu wa marehemu. Kwa hiyo msemaji wa mama yangu dhidi ya baba mdogo alikuwa baba mdogo. Fisi alikuwa ameachiwa bucha, na kikao kizima kiliona ni sawa kwa sababu ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Nyumbani mama alikuwa amemweleza kila kitu usiku uliotangulia: kigari kisichosikika, siku ya kwanza, siku ya pili, mtambo, mto uliokauka. Alimweleza kwa utaratibu kama anayemfundisha mtoto, na yeye aliitikia kwa kichwa kila mahali akisema ndiyo, shemeji, ndiyo. Zamu ya nyumba yetu kusema ilipofika kikaoni, baba mdogo alisimama, akavua kofia.

"Shemeji yangu amelala zamu mbili," alisema. "Ni mjane, amechoka, kazi ni nyingi. Ananituma niwaombe msamaha."

Nilifungua kinywa, na mama akanifinya paja kwa nguvu mpaka machozi yakanitoka. Sikuelewa wakati ule kama alikuwa ananikinga mimi au mbuzi wetu. Wazee walinung'unika kwa huruma. Mzee wa mfereji akasema wamesikia, kuomba msamaha ni uungwana, lakini zamu mbili ni mbili, na bado moja. Baba mdogo alirudi kuketi akiwa mtu mwema kuliko wote waliokuwapo. Mama alitazama mbele moja kwa moja. Uso wake ulikuwa umekuwa mdogo.

Watu walipotawanyika nilimkimbilia mzee wa mfereji njiani. Nilimpa shikamoo, akaniitikia. Sikumtajia mama. Nilikuwa mdogo lakini sikuwa mjinga, nilijua masikio yake yanafunguka upande gani. Nilimwambia kwamba nimefika kwenye chanzo, na kwamba maji ya mfereji mzima yamechepushwa juu ya mlango, na kwamba siku yake ni Jumatatu, na migomba yake Jumatatu hii haitapata hata ya kunawia. Alisimama. Aliniuliza mara tatu kama nimeona kwa macho. Jumatatu asubuhi alipanda yeye mwenyewe na wazee wa nyumba tano, na waliporudi walikuwa wanafoka. Baba mdogo alikuwa mmoja wao, na ndiye aliyepaza sauti kuliko wote.

Walikwenda kwa mzungu. Nilisimuliwa kwamba aliwasikiliza akiwa barazani, akawajibu kwamba mto haujapoteza hata tone, kwa kuwa kila tone analolichukua analirudisha. Kama mtu anayekuchukulia chakula mdomoni halafu anakirudisha tumboni mwa mwingine, akasema hakijapungua. Lakini wazee hawakuondoka. Miaka ile wazungu wa mlimani hawakupenda kuona wazee wengi wamesimama pamoja wamenyamaza. Na ukweli mwingine, ambao dereva alinieleza baadaye, ni kwamba bwana alikuwa ameshakichoka kile kigari. Mawe ya barabara yetu yalikuwa yameua nusu ya betri, na siku mbili maziwa yalikuwa yamechachia njiani. Alifunga bomba, akatoa kile ambacho hakukihitaji tena, na kwa hilo wazee walimshukuru, na mpaka leo wapo wanaosema alikuwa mzungu mkarimu.

Lori likarudi. Asubuhi ya kwanza liliposhuka likikohoa na kupasuka, watu walitoka kwenye migomba wakicheka. Mwalimu wa kanisa alinyamaza katikati ya sala, akatabasamu, ndivyo walivyosema. Maji yalijaa mtaroni. Jumatano mama alilisikia kabla hata halijatoka kwenye geti la mzungu, akatoa gogo, maji yakaingia kwenye kahawa. Upande wote wa chini wa shamba miche ilikuwa imekufa. Iliyobaki ilikuwa hai kwa sababu siku zote zile mimi na yeye tulikuwa tumeinywesha kwa madebe tuliyobeba mgongoni kutoka kwenye kijito, tukipanda na kushuka mpaka kamba ikatuchuna vipaji vya nyuso.

Nilidhani sasa watakumbuka. Wote walikuwa wameusikia mtambo. Wote walikuwa wamekiona kile kigari kikipita bila sauti. Mtu yeyote mwenye akili timamu angesema, kumbe yule mama hakulala. Hakuna aliyesema. Mama alimtuma mwalimu wa kanisa amuulize mzee wa mfereji, faragha, kuhusu zile zamu mbili zilizoandikwa juu ya kichwa chake. Jibu lilikuja kwa upole. Mambo ya gari yameeleweka, mzee alisema, lakini kulala ni jambo lingine. Aliomba msamaha mwenyewe kikaoni, na asiyekosa haombi msamaha. Kwa hiyo alikuwa amebakiwa na zamu moja. Homa moja, mtoto mmoja kuugua, mvua moja kubwa ya kuzima sauti ya lori, na kahawa ilikuwa inahamia kwa baba mdogo.

Niliona mama akisikiliza jibu hilo huku akimenya ndizi. Alimaliza kumenya zote. Kisha akauliza kikao kijacho ni lini.

Kikao kilikuwa cha kushukuru. Kulikuwa na pombe ya ndizi kwa wasio wa kanisa na togwa kwa wa kanisa, na kila nyumba ilipewa nafasi ya kusema neno la furaha. Mama alifika kwa kuchelewa, amevaa nguo ya Jumapili, akimvuta mbuzi wetu kwa kamba. Tulikuwa naye huyo mmoja tu, mwenye maziwa. Wanaume walipomwona walipiga makofi. Walidhani ni mbuzi wa shukrani, na nadhani baba mdogo alidhani hivyo pia, kwa maana alisimama upesi kuipokea sifa hiyo. Alivua kofia. Alisema shemeji yake anawashukuru wazee kwa kumvumilia katika udhaifu wake wa usingizi.

Mama alipita katikati ya wanawake, akapita katikati ya wanaume, akasimama mbele.

"Sikulala," alisema. "Jumatano zote mbili nilikuwa macho kando ya gogo, na binti yangu ni shahidi. Huyu sikumtuma kuomba msamaha. Nilimtuma aseme kweli, akaiacha nyumbani."

Kisha akanyoosha mkono wenye kamba kwa mzee wa mfereji. "Najua nimesema. Faini hii hapa."

Baba mdogo alikuwa bado amesimama, kofia mkononi, na hakujua aivae au aendelee kuishika. Mzee wa mfereji aliitazama kamba muda mrefu. Angeikataa, angekuwa amesema kwamba mwanamke anaweza kusema bure, na hilo hakuwa tayari kulisema. Akaipokea. Wakamchinja mbuzi siku ileile, wakamla, na kwa desturi yetu faini ikishaliwa, neno lililolipiwa halirudishwi tena. Zile zamu mbili zikafutwa. Kahawa ilishika, na shamba lile mama alilishika mpaka alipozikwa ndani yake.

Watu hunisimulia habari hiyo kama ushindi, na mimi huwaitikia, maana shamba tulilipata. Lakini miezi mingi baada ya hapo mdogo wangu wa mwisho alikunywa uji usio na maziwa, na kila nikimwona akinusa kikombe na kukisogeza damu ilinichemka, na mpaka uzee huu bado inachemka. Kusema neno moja la kweli kulitugharimu mbuzi wetu wa pekee. Uongo wake, baba mdogo aliusema bure.